Je, Wajua? Bunduki ya Upepo Hupimwa Kama Suti

Je, wajua kwamba alama 10 kwenye shabaha ya bunduki ya upepo ni nukta ya nusu milimita? Chukua kalamu, gusa karatasi mara moja bila kuiburuta. Nukta hiyo ndiyo anayoiwinda mpigaji aliyesimama mita 10 kutoka hapo, bila mkanda na bila kuegemea chochote.

Hawezi hata kuiona. Anachokiona ni duara jeusi la upana wa milimita 30.5, na nukta imejificha katikati yake. Anaweka duara jeusi ndani ya pete ya kilengeo, pete ndani ya tundu la nyuma, halafu anaamini kwamba nukta ipo pale ilipo.

Nafuu moja ipo. Peleti, yaani kile kirisasi cha risasi laini, ina upana wa milimita 4.5. Ikiigusa nukta hata kwa ubavu, 10 imeandikwa.

Lakini usishangilie bado. Siku hizi alama huhesabiwa kwa desimali, na 10 ya kawaida haikufikishi mbali. Ya juu kabisa ni 10.9, na kila desimali ni robo milimita. Risasi 60 zote zikiwa 10.9 utapata 654.0, na binadamu wa kuzifikisha hajaonekana.

Wajua ni kosa dogo kiasi gani linalokutoa kwenye 10? Chukua bunduki ambayo vilengeo vyake viwili vimeachana sentimita 80. Ili tundu lihame milimita 2.5 kule kwenye shabaha, inatosha kilengeo cha mbele kihame milimita 0.2. Hizo ni karatasi mbili za daftari zilizolaliana. Kutoka 10.9 ni karibu sehemu ya tano ya unene wa karatasi moja. Mapigo ya moyo wako mwenyewe yanasogeza zaidi ya hapo.

Ndiyo maana bunduki ya mashindano hainunuliwi ikatumika vilevile ilivyotoka kwenye boksi. Hupimwa mwilini kama suti kwa fundi cherehani: bega, shingo, urefu wa mkono, upana wa kiganja, hata umbo la shavu. Kwa mtazamo wangu, hii ndiyo sehemu tamu ya mchezo wenyewe. Wawili wanaweza kununua bunduki ya aina moja, siku moja, duka moja, na baada ya mwaka kila mmoja akashindwa kabisa kuitumia ya mwenzake.

Je, wajua kwamba kichwa hakipaswi kufuata kilengeo? Mgeni akipewa bunduki huinamisha shingo mpaka jicho likute tundu. Mzoefu hufanya kinyume: anasimama, anaacha kichwa kikae wima, kisha anapandisha vilengeo kwa vipande vya chuma mpaka vimkute jicho lilipo. Kuna sababu ya kimwili. Kiungo kinachotunza mizani ya mwili kimo ndani ya sikio, na kichwa kikilala upande mwili mzima huanza kuyumba polepole bila mwenyewe kujua.

Ukiwa na shingo ndefu, vipande vya kupandishia ni vingi. Ukiwa na mikono mifupi, unaongeza tofali dogo la mbao au alumini chini ya bunduki ili mkono wa kushoto uifikie bila kuhangaika, kiwiko kikiwa kimetulia juu ya nyonga. Mzigo ubebwe na mifupa. Msuli huchoka, mfupa hauchoki.

Uzito wa juu unaoruhusiwa na Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Kulenga Shabaha, ISSF, ni kilo 5.5, pamoja na vilengeo. Nilijaribu nyumbani na mfuko wa mchele wa kilo 5. Dakika ya kwanza nilijiona mwanajeshi. Ya pili mikono ilianza kucheza ngoma yake. Mashindano ya mchujo ni risasi 60 kwa dakika 75.

Wanawake walikuwa wakipiga 40 tu. Tangu 2018 ni 60 kwa wote.

Je, wajua kwamba watu huongeza uzito kwenye bunduki kwa makusudi? Vipo vibati na vipande vya chuma vya gramu chache chache vinavyofungwa karibu na mdomo wa mtutu. Bunduki nzito kwa mbele huyumba polepole, kama mtumbwi wenye shehena, na polepole ndiyo itakiwayo. Ukizidisha, mgongo unalalamika kufikia risasi ya 40. Wengine hutoa uzito mbele na kuurudisha nyuma, karibu na bega, wakabaki na uzito uleule lakini bunduki nyingine kabisa mikononi.

Kifyatulio, au traiga kama wengi wasemavyo, ni hadithi yake. Kwenye bastola ya upepo sheria inataka kisikubali kuvutwa kwa uzito chini ya gramu 500, nusu kilo ya sukari. Kwenye bunduki ya upepo hakuna kiwango. Kila mtu anajipangia, na wengi hupanga chini ya gramu 100. Yai la kuku lina uzito wa gramu 50 hadi 60. Kwa hiyo kuna vifyatulio ambavyo yai lingeweza kuvivuta.

Chepesi namna hiyo kitafyatuka ovyo? Hapana, kwa sababu kina hatua mbili. Kidole husafiri kwanza safari fupi ya bure mpaka kigonge kitu kama ukuta. Hapo mpigaji hutulia. Picha ikikaa sawa, anaongeza shinikizo dogo tu na ukuta unavunjika kama kijiti cha barafu. Skrubu ndogo hupanga urefu wa safari ya kwanza, nyingine uzito wake, nyingine uzito wa ukuta, nyingine mahali ulimi wa chuma unaposimama ili ulingane na urefu wa kidole. Robo mzunguko wa bisibisi unatosha kumharibia mtu wiki nzima.

Je, wajua kwamba pimamaji imepigwa marufuku? Ndiyo, ile ya mafundi ujenzi. Bunduki ikilala upande kidogo, tundu huhama, kwa hiyo ingekuwa raha kufunga kipimamaji kidogo kwenye kilengeo. Sheria ya bunduki ya upepo imekataa. Ruksa ni kuilaza, wengi huilaza makusudi ili ikae vizuri begani, lakini jicho ndilo lihakikishe kwamba imelala kiasi kilekile mara 60.

Zimekatazwa pia darubini na lenzi zilizofungwa kwenye bunduki. Miwani usoni ruksa.

Tundu la kilengeo cha nyuma kwa kawaida ni la milimita 1 na ushei. Udogo huo una kazi: mwanga ukipita kwenye tundu jembamba, vitu vya karibu na vya mbali huonekana vikali kwa pamoja. Jaribu mwenyewe kwa kutoboa karatasi na sindano kisha kusoma maandishi madogo kupitia kitobo. Wanaovaa miwani watashangaa.

Pete ya mbele ina ubishi wa kudumu. Kijana anataka pete ndogo inayobana duara jeusi, akidhani ndiyo usahihi. Pete ikibana sana jicho linahangaika kuamua kama nyeupe ya kushoto inalingana na ya kulia, na akili inachelewa kutoa amri. Makocha wengi humbadilishia pete kubwa, alama zikapanda. Jicho la binadamu hupima vizuri zaidi nafasi pana iliyo sawa kuliko mstari mwembamba.

Na lisikodolewe muda mrefu. Baada ya sekunde kama 10 picha hugandia kwenye jicho, na unaweza kuendelea kuona pete imekaa katikati wakati mtutu umeshaondoka zamani. Anayejua hushusha bunduki, anapumua, anaanza upya.

Tuje kwenye upepo wenyewe. Je, wajua kwamba bunduki ya upepo ni ya zamani kuliko unavyodhani? Karibu mwaka 1780 jeshi la Austria lilipokea bunduki ya upepo ya fundi Girandoni, yenye kitako kilichokuwa mtungi wa hewa. Kujaza kitako kimoja kwa pampu ya mkono kulihitaji misukumo kama 1,500. Meriwether Lewis na William Clark walikuwa na bunduki ya upepo walipovuka Amerika kuelekea Pasifiki kati ya 1804 na 1806, na Lewis alipenda kuwaonyesha wenyeji.

Bunduki za mashindano za karne ya 20 zilianza na springi. Springi nzito ikiachiwa hurusha pistoni ya ndani mbele, bunduki nzima inaruka kabla peleti haijatoka. Feinwerkbau, kiwanda cha Oberndorf am Neckar nchini Ujerumani, kilitatua hilo kwa kuiweka mashine nzima juu ya reli ili irudi nyuma yenyewe na kitako kibaki kimetulia. Baadaye zikaja za wenzo: unavuta wenzo mara moja, hewa inabanwa, springi haipo tena.

Kisha ikaja gesi ya kaboni dioksidi, na hapo kuna funzo zuri la fizikia. Ndani ya mtungi gesi hiyo hukaa kama maji, na shinikizo lake hufuata joto. Kwenye nyuzi 20 ni baa 57 hivi. Kwenye nyuzi 30 ni 72. Juu ya nyuzi 31 haiwezi kubaki maji hata kidogo. Sasa mfikirie mpigaji aliyepanga vilengeo vyake kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, halafu mtungi wake wa pili umeachwa garini Dar es Salaam saa saba mchana mwezi wa Februari. Peleti itaruka kwa kasi nyingine na kupiga pengine. Hakuna skrubu ya kutibu hilo, na gesi ikaachwa.

Siku hizi ni hewa ya kawaida iliyobanwa hadi baa 200. Tairi la gari dogo hujazwa PSI 30 hivi; mtungi huu una PSI 2,900. Mara nyingi hujazwa kutoka mitungi ileile wanayobeba wapiga mbizi, ya aina unayoiona ikipakiwa kwenye boti kule Nungwi na Watamu. Mjazo mmoja hutosha mamia ya risasi.

Mtungi ukitumika, hewa inapungua. Inakuwaje risasi ya kwanza na ya mia zikaenda sawa? Kazi hiyo ni ya regulata, kifaa kisichozidi ukubwa wa kidole gumba kinachopokea hewa kali kutoka mtungini na kutoa hewa ya shinikizo moja tu, kila mara. Regulata ikianza kuzeeka, hutaona ufa wala kusikia kelele. Utaona tu matundu yanapanda na kushuka kwenye shabaha, na utalaumu mikono yako kwa miezi miwili.

Dawa ni kipimakasi, kifaa kinachosoma mwendo wa peleti. Peleti ya mashindano ina uzito wa gramu 0.53 hivi na huruka kama mita 172 kwa sekunde. Safari ya mita 10 haizidi sana sekunde 0.06, na humo njiani tayari imeanguka kiasi cha milimita 17. Ikitoka kwa mita 170 badala ya 172, itaanguka karibu milimita 0.4 zaidi. Desimali moja na nusu zimekwenda na hukufanya kosa lolote.

Tahadhari, na hii isomwe mara mbili. Usitie mafuta ya kawaida kwenye mdomo wa mtungi au kiungio cha kujazia. Mafuta yakikutana na hewa inayobanwa ghafla huweza kuwaka yenyewe, kama dizeli ndani ya injini. Oringi zikikauka hubadilishwa, na zikihitaji kulainishwa hutumiwa grisi ya silikoni aliyoitaja mtengenezaji. Mtungi nao una tarehe ya mwisho wa kutumika iliyopigwa chapa. Kwenye mashindano ni jukumu lako kuhakikisha haijapita.

Je, wajua kwamba mtutu wenye mifereji ni mfupi kuliko unavyoonekana? Kwenye bunduki nyingi mtutu halisi ni sentimita 42 hivi. Kipande kinachoendelea mbele ni bomba tupu, lipo kubeba kilengeo. Mtutu mfupi huitoa peleti upesi, kabla mkono haujaharibu mambo. Bomba refu hutenganisha vilengeo ili kosa lionekane. Mfupi kwa peleti, mrefu kwa jicho.

Na bado kuna mtikiso. Peleti ikienda mbele, bunduki hurudi nyuma, hata kama ni kidogo kiasi kwamba bega halihisi. Mifano mingi mipya ina kitu ndani kinachosogea kukabiliana na mtikiso huo. Ukifyatua, bunduki hukaa kimya kama haijafanya lolote. Mara ya kwanza kuiona nilidhani imegoma.

Peleti za mashindano zina kichwa bapa. Sababu haihusiani na mwendo: kichwa bapa hutoboa karatasi kwa duara safi, kama kitobozi cha ofisini, na mhesabu alama hana la kubishana.

Hapa ndipo mambo yanaponoga. Peleti zinauzwa kwa vipimo vya kichwa vinavyotofautiana kwa sehemu ya mia ya milimita: 4.49, 4.50, 4.51. Kila mtutu una chaguo lake, na hakuna fomula ya kulitabiri. Hata boksi mbili za kipimo kimoja, zilizotoka kiwandani siku tofauti, zinaweza kutofautiana. Kwa hiyo bunduki hufungwa kwenye jiliwa imara ili mkono wa binadamu usihusike, kisha hupigwa risasi 10 za peleti hii, 10 za ile, 10 za nyingine. Unatazama makundi ya matundu. Peleti isiyoafiki huacha ua lililochanua, lenye petali zilizopasukapasuka. Iliyoafiki huacha tundu moja la mviringo, pana kidogo tu kuliko peleti yenyewe, na asiyejua ataapa kwamba umepiga mara moja ukaenda kunywa chai.

Ukiipata hiyo, unanunua makasha mengi ya siku ileile ya uzalishaji na kuyafungia kabatini. Wapigaji wakubwa wana akiba kama wauza duka.

Nawa mikono baada ya kushika peleti. Ni madini ya risasi, na risasi ni sumu.

Mtutu wa bunduki ya upepo hausafishwi kila siku kama wa baruti, maana hakuna masizi. Vipande vidogo vya pamba ngumu husukumwa ndani mara mojamoja, basi. Anayechokonoa na fimbo ya chuma anajichimbia shimo.

Skrubu zinazoshikilia mtutu na mashine kwenye kitako hukazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilekile kila mara. Kitako cha mbao hunywa unyevu na kuvimba, hukauka na kusinyaa. Ni sababu mojawapo vitako vya alumini vimejaa kwenye kumbi za mashindano, ingawa wapo wazee wanaosema alumini haina roho. Siwabishii, ila alumini haivimbi.

Kosa la wanaoanza ni kurekebisha vitu vitatu jioni moja: kitako juu, shavu mbele, kifyatulio laini. Kesho alama zimepanda au zimeshuka, na hajui ni kipi kilichofanya hivyo. Mshika mawili moja humponyoka. Badilisha kimoja, andika kwenye daftari ulianzia namba ngapi, piga mamia ya risasi, ndipo uguse kingine. Karibu kila sehemu ya bunduki hizi imechorwa namba na mistari kwa ajili hiyo.

Je, wajua kwamba mazoezi mengi hufanywa bila peleti? Bunduki ina kitufe cha kufyatua bila kutoa hewa. Mpigaji husimama sebuleni, analenga alama ukutani, anafyatua, anashusha. Wenye uwezo hufunga kifaa kidogo cha kielektroniki mtutuni, SCATT kikiwa maarufu zaidi, kinachochora kwenye kompyuta njia aliyopita mtutu kabla na baada ya kufyatua. Mchoro haumwonei mtu haya.

Mavazi nayo hupimwa. Koti na suruali visizidi unene wa milimita 2.5 kwenye kipimo cha waamuzi, na soli za viatu lazima zikubali kupinda. Wapigaji walikuwa wakitembea kama bata kwa ajili ya soli ngumu, mpaka sheria ikaandikwa kwamba uwanjani mtu atembee kawaida, kisigino kwanza kisha vidole.

Mtu mmoja niliyefuatilia habari zake kwa hamu ni Abhinav Bindra wa India. Athens, 2004, alikuwa wa 3 kwenye mchujo, akaingia fainali na kumaliza wa 7. Baadaye alieleza kwamba kigae cha sakafu chini ya miguu yake kilikuwa kimelegea na kikitikisika. Wewe na mimi tungelalamika, tukaacha. Yeye akaanza kujiandaa hata kwa sakafu mbovu. Kabla ya Beijing alikodi ukumbi wa harusi na kuugeuza uwanja wa mazoezi, ili macho yazoee ukumbi mkubwa wa mashindano.

Tarehe 11 Agosti 2008, kabla ya risasi ya mwisho ya fainali, alikuwa sawasawa na Henri Häkkinen wa Finland. Häkkinen akapiga 9.7 na kuangukia shaba. Bindra akapiga 10.8. Jumla yake ilikuwa 700.5, na ikawa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Mhindi kwenye mchezo wa mtu mmoja mmoja, katika nchi yenye watu zaidi ya bilioni moja.

Kutoka Athens 2004 hadi Tokyo, dhahabu ya kwanza kabisa ya kila Olimpiki ya majira ya joto ilitoka kwenye bunduki ya upepo ya wanawake: Du Li, Kateřina Emmons, Yi Siling, Ginny Thrasher, Yang Qian. Paris 2024 mfululizo ulibadilika kidogo, dhahabu ya kwanza ikaenda kwa timu mseto ya China, Huang Yuting na Sheng Lihao. Bunduki ikabaki ileile.

Yang Qian, kwa njia, alishinda Tokyo baada ya risasi ya mwisho ya 9.8. Mpinzani wake Anastasiia Galashina alipiga 8.9. Shinikizo halina adabu kwa mtu.

Wajua kuhusu Luna Solomon? Alizaliwa Eritrea, akakimbilia Uswisi. Huko Niccolò Campriani, Mwitalia mhandisi mwenye dhahabu tatu za Olimpiki, aliamua kuwafundisha wakimbizi ambao hawakuwahi kushika bunduki ya mashindano. Luna alifika Tokyo akapiga bunduki ya upepo chini ya bendera ya Timu ya Olimpiki ya Wakimbizi.

Wapo pia wanaolenga kwa masikio. Wapigaji wasioona huvaa vipokea sauti, na kifaa kwenye bunduki hugeuza mahali mtutu unapoelekea kuwa mlio: kadiri unavyokaribia kitovu, ndivyo mlio unavyopanda. Kwenye Paralimpiki, wasioweza kubeba uzito wa bunduki kwa mikono huiweka juu ya kigingi chenye springi. Avani Lekhara, anayepiga akiwa kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa mwanamke wa kwanza wa India kutwaa dhahabu ya Paralimpiki, Tokyo, kwa alama 249.6.

Je, wajua kwamba upepo nao ni silaha mbele ya sheria? Ujerumani, bunduki isiyozidi jouli 7.5 yenye herufi F ndani ya pembetano huuzwa kwa mtu mzima bila leseni. Uingereza mpaka ni kama jouli 16 kwa bunduki. Kila nchi ina yake, kwa hiyo usiagize hata moja kabla ya kuuliza polisi wa kwenu. Na jicho la mtoto halijui tofauti ya upepo na baruti: ukumbini bunduki isiyotumika huwekwa uzi wa rangi kali ndani ya mtutu, kila mtu auone na ajue kwamba haina kitu.

Wengi wetu tulianza na manati na embe la jirani, na tulijiona walengaji. Bunduki ya upepo iliingia Olimpiki Los Angeles mwaka 1984. Philippe Heberlé wa Ufaransa alishinda kwa 589 kati ya 600, na Pat Spurgin wa Marekani kwa 393 kati ya 400. Miaka 24 baadaye, Beijing, Kateřina Emmons wa Jamhuri ya Cheki alipiga mchujo mzima bila kukosa: 400 kati ya 400. Mwaka 2028 Olimpiki inarudi Los Angeles, na nukta ya alama 10 bado ni ya nusu milimita.